Matokeo ya uchunguzi wa stadi za kijamii yametoka: mzazi ufanye nini kuanzia wiki hii

Mzazi anatoka kliniki na karatasi mkononi. Ameambiwa "tutahitaji kumfuatilia mtoto", na akifika mlangoni ameshasahau nusu ya maelezo. Baada ya hapo maswali huwa yaleyale. Je, mwanangu ana usonji (autism)? Nisubiri akue kwanza? Nimwone nani? Nyumbani naweza kufanya jambo lolote, au nitamharibu zaidi? Nimeyajibu mara nyingi mno, nikaona heri niyaandike mahali pamoja.

Jibu la haraka ni hili: usisubiri. Zipo kazi mbili, ya kufuatilia wataalamu na ya kukaa na mtoto nyumbani, na zote mbili zinaanza wiki hiihii. Wengi huisimamisha ya nyumbani "mpaka daktari aseme", kisha foleni inakula miezi. Wengine hufanya kinyume: wanaona mtoto amechangamka kidogo, wanaiacha rufaa ikae kwenye droo.

Jambo moja tu la nadharia, halafu tuingie kazini. Uchunguzi wa awali ni chekeche: hunasa baadhi ya watoto wasio na tatizo, na huwaacha wengine wenye tatizo wapite. Hautoi jina la ugonjwa. Jina, kama lipo, hutokana na tathmini kamili, ambapo wataalamu humtazama mtoto mwenyewe na kukuhoji kwa kirefu.

UNACHOHITAJI KABLA YA KUANZA

- Nakala ya dodoso zima lililojazwa, yaani orodha ya maswali iliyotumika kumpima mtoto, pamoja na alama ya jumla. Iombe bila aibu. Hizo ni taarifa za mwanao.
- Kadi ya kliniki: tarehe ya kuzaliwa, wiki za ujauzito alizozaliwa nazo, maumivu ya masikio aliyowahi kuugua, degedege, kulazwa.
- Daftari moja la mtoto huyu peke yake.
- Simu inayorekodi video.
- Dakika 10 hadi 15 kila siku ambazo simu na televisheni zimezimwa. Hili ndilo gumu kulipata kuliko yote.
- Mtu mzima mwingine anayeishi na mtoto au kumwona mara kwa mara, atakayekuambia anachokiona yeye.

HATUA YA 1: Soma dodoso, usiishie kwenye alama

Tafuta mambo manne: ni dodoso gani, lilijazwa na nani, mtoto alikuwa na umri gani siku hiyo, na ni maswali yapi yaliyompandishia alama. Hilo la mwisho ndilo lenye faida kwako. Watoto wawili wanaweza kupata alama sawa kabisa, mmoja kwa sababu haelekezi kidole wala hageuki akiitwa, mwingine kwa sababu ya woga na vurugu. Kazi ya nyumbani kwa hawa wawili hailingani hata kidogo.

Kwa watoto wadogo, dodoso linalotumika sana kuchekecha dalili za usonji ni M-CHAT-R. Lina maswali 20 na limetengenezwa kwa umri wa miezi 16 hadi 30. Alama 0 hadi 2 ni hatari ndogo. Alama 3 hadi 7 ni ya kati, na hapo panatakiwa mahojiano ya ziada juu ya maswali yaliyokwama kabla ya kuamua lolote. Alama 8 kwenda juu ni hatari kubwa, na mtoto anaweza kupelekwa moja kwa moja kwenye tathmini. Ikiwa mwanao yuko kwenye kundi la kati na hukufanyiwa yale mahojiano ya pili, rudi uyaombe. Kuyaruka ni kosa la kawaida, na huwatia wazazi hofu ambayo pengine ingeisha siku hiyohiyo.

Kwa mkubwa kidogo, pengine alipimwa kwa SDQ, dodoso la hisia na tabia za mtoto. Ina maswali 25 katika mafungu matano: hisia, tabia, utukutu na umakini, uhusiano na wenzake, na moyo wa kusaidia wengine. Wazazi hujikwaa kwenye fungu la mwisho. Mafungu manne ya kwanza, alama ikipanda ni shida. La tano ni kinyume: alama ya juu ni habari njema, na haihesabiwi kwenye jumla ya matatizo. Nimewaona watu wakihuzunika kwa sababu mtoto wao "amepata 9 kati ya 10" kwenye wema.

Onyo kwa wazazi wa watoto njiti: mpaka miaka 2, umri huhesabiwa tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa wiki 10 kabla ya wakati, akifikisha miezi 18 ya kalenda, kimakuzi ana miezi 15 na ushee. Hapo hata M-CHAT-R yenyewe bado haijamfaa. Kama hesabu hiyo haikufanywa, uliza.

Je, matokeo yamesema yuko salama lakini roho yako haijatulia? Ombeni kurudia baada ya miezi michache, na peleka mifano. Hasa kwa wasichana: baadhi yao hujifunza kuiga wenzao vizuri kiasi kwamba shida hufichika mpaka urafiki unapoanza kuwa mgumu shuleni.

HATUA YA 2: Masikio kwanza

Kabla ya mjadala wowote wa tabia, mtoto apimwe usikivu. Usikubali kurushwa hapa, hata kama alipimwa alipozaliwa na akafaulu. Maji yakijikusanya nyuma ya kiwambo cha sikio, jambo la kawaida kwa watoto wadogo, usikivu hupanda na kushuka: leo anasikia, wiki ijayo sauti zinamfikia kama za mtu anayeongea chumba cha pili. Mtoto wa namna hiyo haitikii jina lake, hachangamki na wenzake, na huonekana mkaidi.

"Lakini anasikia, mbona tangazo la televisheni likianza anakuja mbio?" Hilo halithibitishi kitu. Muziki na kishindo ni rahisi kusikika kuliko herufi laini kama s, f na t, na ni kwa hizo ndipo maneno hutofautishwa.

Kipimo hakiumi. Kwa mdogo huwekewa kifaa kidogo sikioni kinachosikiliza mwitikio wa sikio lenyewe, au hupimwa mawimbi ya ubongo akiwa amelala. Mkubwa huchezeshwa: akisikia mlio anatumbukiza kitu kwenye chombo. Macho nayo yatazamwe, kwa sababu mtoto asiyeona vizuri usoni pa mtu atakosa nusu ya mazungumzo.

HATUA YA 3: Ingia kwenye foleni ya tathmini wiki hii

Omba rufaa kwa maandishi. Kulingana na alichoonyesha mtoto, anaweza kuhitaji daktari bingwa wa watoto, mtaalamu wa usemi na lugha, mwanasaikolojia wa watoto, au mtaalamu wa kumfundisha shughuli za kila siku kama kuvaa na kucheza. Si lazima wote. Uliza maswali haya na uandike majibu:

- Nitaonwa na nani, na tathmini inachukua muda gani?
- Mtu akighairi miadi, mnaweza kunipigia?
- Je, kuna huduma tunayoweza kuianza sasa bila kungoja jina la ugonjwa?

Swali la tatu huwa linasahaulika, nalo ndilo linalofungua milango. Mtaalamu wa usemi haulizi kwanza kama ni usonji ili amsaidie mtoto kuomba kitu kwa ishara.

Yako mambo ambayo hayangoji foleni. Mtoto aliyekuwa na maneno, ishara au uchangamfu na sasa amevipoteza, katika umri wowote ule, aonwe haraka. Vilevile anayekaza macho ghafla na kutoitika hata akiguswa, au anayepata degedege. Pia usikae tu iwapo kwa miezi 12 habwabwaji wala hana ishara yoyote ya mikono, kwa miezi 16 hana neno, au kwa miaka 2 hajaunganisha maneno mawili ya kwake mwenyewe.

Onyo kali: hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoonyesha usonji, na hakuna dawa inayouondoa. Ukiuziwa matone ya "kusafisha mwili", hasa yenye klorini dioksaidi, ujue hiyo ni kemikali ya kupaushia na inaunguza utumbo. Dawa za kuvuta madini mwilini nazo zimewahi kuua watoto. Chanjo pia hazina hatia hapa: makala ya mwaka 1998 iliyozua hofu hiyo ilifutwa rasmi mwaka 2010 na jarida lililoichapisha. Endelea na ratiba ya chanjo kama kawaida.

HATUA YA 4: Andika unachokiona kwa wiki mbili

Tathmini ni ya saa chache, tena kwenye chumba kigeni. Wewe una mtoto siku nzima. Daftari na video zako ndizo zitakazomwonyesha mtaalamu mtoto halisi.

Kila tukio liandike kwa vipande vitatu: nini kilitangulia, mtoto alifanya nini, nini kilifuata. Kwa mfano:

"Jioni. Binamu yake alichukua gari analochezea. Hakusema kitu, alimsukuma, kisha akaenda kona akageukia ukuta. Nilimrudishia gari, akatulia baada ya muda mfupi."

Linganisha na hili: "Leo alikuwa mkorofi sana kwa binamu yake." Sentensi ya pili ni hukumu, na mtaalamu hawezi kuifanyia chochote. Ya kwanza inamwambia kwamba mtoto hana njia ya kusema "nirudishie", kwamba akizidiwa hujitenga, na kwamba anatulizika.

Video ziwe fupi, dakika moja au mbili: akicheza peke yake, akila na familia, akiwa na watoto wengine, na wewe ukimwita jina akiwa ameshughulika. Usimwelekeze. Rekodi na siku njema. Video za vurugu tupu huchora picha ya uongo.

HATUA YA 5: Chagua stadi moja

Moja. Najua dodoso limetaja saba. Mzazi anayeanza na saba huchoka upesi, na mtoto huanza kukimbia kila akimwona anakuja na vinyago.

Ngazi hii, iliyotokana na orodha ya makuzi ya Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, itakusaidia kujua aliposimama. Inataja umri ambao watoto wengi, yaani angalau watatu kati ya wanne, tayari wanaweza:

- Miezi 9: hutazama akiitwa jina.
- Miezi 15: hukuonyesha kitu anachokipenda.
- Miezi 18: hunyoosha kidole ili na wewe uone kilichomvutia.
- Miaka 2: hutambua mtu akiumia au kuhuzunika.
- Miezi 30: hucheza kando ya wenzake, mara nyingine pamoja nao.
- Miaka 3: huwaona watoto wengine na kwenda kujiunga nao.
- Miaka 4: huigiza kuwa mtu au kitu kingine.
- Miaka 5: hufuata kanuni za mchezo au hupokezana zamu.

Mtafute mtoto kwenye ngazi kwa anachokifanya, umri wake uweke kando kwanza. Stadi ya kuanza nayo ni ile inayofuata juu ya anayoiweza sasa. Mtoto wa miaka 4 ambaye bado hanyooshi kidole kukuonyesha kitu, anza na kidole. Kumpeleka kwenye mchezo wa kanuni na wenzake watano ni kumtesa yeye na wao.

HATUA YA 6: Dakika 10 hadi 15 za sakafuni, kila siku

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Haihitaji vinyago vya bei wala cheti. Mafunzo ya Shirika la Afya Duniani kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji wa makuzi yamejengwa juu ya jambo hilihili: mchezo na shughuli za kawaida za nyumbani. Uliza kama yanatolewa unakoishi.

a) Shuka mpaka uso wako ulingane na wake, mbele yake, si nyuma wala ubavuni. Ukimpakata akitazama mbele, utaongea na kisogo.

b) Mfuate anachokifanya. Anazungusha gurudumu la gari? Usimwambie "gari linaendeshwa hivi". Chukua gari lako, zungusha gurudumu. Mwige, na sauti zake pia. Watoto wengi ambao hawamtazami mtu anayewaamuru humtazama mtu anayewaiga. Jicho lile la "wee, unafanya nini?" ndilo unalolitafuta.

c) Punguza maswali. "Hii nini? Rangi gani? Ng'ombe analiaje?" Huo ni mtihani, haujawa mchezo bado. Badala yake taja kinachotokea, kwa maneno yanayozidi ya kwake kwa neno moja. Asiyesema kitu mpe neno moja: "Juu!" Anayesema "gari" mpe "gari linakwenda".

d) Subiri. Fanya jambo analolipenda mara mbili tatu, kwa mfano kumrusha juu, kupuliza mapovu, kumtekenya, kisha simama, mtazame kwa uso wenye matumaini, hesabu kimoyomoyo mpaka saba. Sekunde saba za kimya ni ndefu kuliko unavyodhani. Wazazi wengi huvunja kimya kwenye ya pili. Akikutazama, akisogeza mkono, akitoa sauti, hiyo ndiyo "tena" yake. Itikia papo hapo.

e) Tengeneza sababu ya kukuhitaji. Weka anachokipenda kwenye chombo kinachoonyesha ndani, chenye mfuniko mgumu, umpe chombo. Mpe karatasi bila kalamu. Akikuletea au akivuta mkono wako, umeshapata mazungumzo. Onyo: usishikilie kitu mpaka alie ili "aseme kwanza". Lengo ni aone kwamba kuwasiliana kunalipa, na kilio kinamfundisha kinyume chake.

f) Zamu ziwe fupi. "Zamu yangu," weka kipande kimoja. "Zamu yako." Zamu yako ichukue sekunde mbili tu mwanzoni, maana mtoto hajui bado kama kitu kitamrudia. Ukishaona anangoja bila wasiwasi, irefushe.

Na jambo moja ambalo nalisisitiza kila nikipata nafasi: usimshike kidevu umgeuze akutazame. "Niangalie machoni" huzaa mtoto anayeangalia machoni na asiyesikia unachosema. Wapo watoto wanaosikiliza vizuri zaidi wakiwa wametazama pembeni. Acha macho yaje yenyewe kwa sababu una kitu cha kuvutia.

Kama huna dakika 15 mfululizo, zigawe: tano wakati wa kumwogesha, tano wakati wa kumvisha, tano kabla ya kulala. Kumvisha kuna zamu nyingi ajabu: mkono huu, mkono ule, kichwa kiko wapi, hiki hapa.

HATUA YA 7: Kwa mtoto wa miaka 4 kwenda juu, mlete mwenzake mmoja

Usimtupe kwenye kundi ukitarajia "atazoea". Kundi ni somo la mwisho. Anza na mtoto mmoja, mtulivu, ikiwezekana mkubwa kwa mwaka mmoja hivi, kwa nusu saa mpaka dakika 45. Tayarisha mchezo wenye mwanzo na mwisho unaojulikana: kujenga, kupaka rangi picha moja kubwa kwa pamoja, kutafuta vitu vilivyofichwa. Michezo ya "chezeni tu" huwa migumu kwa sababu kila dakika inataka makubaliano mapya.

Kabla mgeni hajafika, ongeeni: atakuja nani, mtacheza nini, kinyago kipi hakiguswi (kifiche kabisa), na akichoka afanye nini. Mchoreeni hadithi fupi ya picha nne au tano inayoonyesha hayo, muisome mara kadhaa. Kisha kaa karibu ukinong'ona msaada pale tu unapohitajika. Wageni waondoke mchezo ukiwa bado mtamu. Ukingoja mpaka ugomvi, ugomvi ndio watakaoukumbuka.

Stadi ya kujiunga na mchezo unaoendelea nayo hufundishika. Watoto wanaopokelewa vizuri kwa kawaida husimama karibu, hutazama kinachochezwa, kisha huingia na kitu kinachofaa mchezo ule: "Mimi naleta mawe." Anayeuliza "naweza kucheza?" mara nyingi hujibiwa "hapana", na anayevamia hufukuzwa. Fanyeni mazoezi nyumbani kwa wanasesere, halafu na ndugu zake, halafu nje.

HATUA YA 8: Mwalimu apewe swali, siyo malalamiko

"Anaendeleaje shuleni?" hukuletea jibu la "anaendelea vizuri". Uliza mambo yanayoonekana: wakati wa mapumziko anakuwa wapi na nani? Akitaka kitu cha mwenzake hufanyaje? Anaitika ukiongea na darasa zima, au mpaka umwite yeye? Mwambie stadi mnayoifanyia kazi nyumbani, moja ileile, na umwombe aipe nafasi ndogo kila siku, kwa mfano kumpa mtoto kazi ya kugawa daftari pamoja na mwenzake.

HATUA YA 9: Pima tena baada ya wiki 6 hadi 8

Fungua daftari, angalia kurasa za mwanzo. Je, analianzisha mwenyewe jambo ambalo zamani lilihitaji kuvutwa? Analifanya na mtu mwingine, mahali pengine? Ikiwa ndiyo, panda ngazi moja. Ikiwa hapana, shuka nusu hatua. Siku ya tathmini nenda na nakala ya dodoso, majibu ya kipimo cha masikio, video tatu au nne, ukurasa mmoja wa muhtasari, na maneno ya mwalimu. Wataalamu hawana muda wa kusoma daftari zima, ukurasa mmoja watausoma.

MKIKWAMA

Analia au anaondoka nikiingia kwenye mchezo wake. Umeingia haraka. Kaa mbali kidogo, iga kwa vinyago vyako bila kugusa vyake, siku kadhaa. Sogea anapoanza kukuchungulia.

Nimefanya wiki tatu na hakuna kitu. Jirekodi wewe mwenyewe ukicheza naye, halafu hesabu maswali na amri ulizotoa ndani ya dakika mbili. Jibu huwa humo. Kama ni machache na bado hola, stadi uliyochagua iko juu mno.

Bila simu haketi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema wasiofikisha miaka 2 wasiwekewe skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Usiiondoe kwa mkupuo. Anza na muda wa kula na saa ya mwisho kabla ya kulala, ukiweka kitu mahali pake. Siku za kwanza atalipuka. Tarajia hivyo, na msikubaliane leo mkavunja kesho.

Anapiga au kuuma wenzake. Rudi kwenye vipande vitatu vya daftari; karibu kila mara kinachotangulia kinafanana. Mpe njia mbadala nyepesi kuliko kupiga, kama kunyoosha kiganja kwa maana ya "acha", na uifanyie mazoezi akiwa ametulia. Wakati wa hasira si wakati wa somo.

Tumeambiwa tuache lugha ya nyumbani ili asichanganyikiwe. Msiache. Lugha mbili hazisababishi usonji wala kuchelewa kusema. Mzungumze naye kwa lugha ambayo mzazi anataniana na kubembeleza bila kufikiri.

Mwenzangu au bibi yake anasema "hata baba yake alichelewa". Usibishane juu ya jina la ugonjwa ambalo hata nyie bado hamna. Mwombe afanye jambo moja: kwa wiki moja, kila amwitapo mtoto jina, ahesabu mara ngapi ameitika. Akishaona mwenyewe, mazungumzo hubadilika. Na kama ameitika kila mara, hiyo nayo iandikwe.

Shuleni hana shida, nyumbani ni vurugu. Huenda anajizuia kutwa nzima na kufungua breki akifika kwenu. Mpe nusu saa ya kimya baada ya shule, bila maswali, kisha uone. Mweleze mtaalamu tofauti hiyo, maana ni taarifa muhimu, na haina maana kwamba malezi yako ndiyo kosa.

Miadi imesogezwa mara ya pili. Piga simu, uliza nafasi za walioghairi, na umwombe daktari aliyeandika rufaa aandike upya akitaja kilichobadilika tangu mara ya mwisho, chenye tarehe kutoka kwenye daftari lako.